Ndege ya Kivita Ubavuni mwa Boti ya Mama Mdogo

Tangu nirudi Kisumu, kila rafiki ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: ulienda kufuta picha moja tu, mbona ulikawia hivyo? Nimechoka kujibu vipande vipande, kila mtu na kipande chake, halafu mnakutana na kuniambia nimewadanganya. Kwa hiyo nimeandika safari yote hapa. Habari za nauli na simu za kupanga nimeziacha, hazina utamu.

Aliyenituma ni Mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba yangu, anayekaa kwenye kisiwa kimoja mbele ya Mbita. Kule wanamwita Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi. Mumewe alikuwa na boti ya kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, na ubavuni mwa boti hiyo alikuwa amechora kwa mkono wake mwenyewe ndege ya kivita. Alipofariki, boti ilivutwa nchi kavu ikaachwa hapo. Wavuvi walisema hawapandi mpaka ndege ile ifutwe. Omena huvuliwa kwa taa wakati mwezi haupo, na giza la mwezi lilikuwa linakaribia. Boti ikilikosa giza hilo, vijana wa kuvua wangeenda kwa tajiri mwingine mwenye boti.

"Niletee fundi wa rangi," alisema kwenye simu. "Na awe mtu asiye wa kwetu."

Nilidhani anawasifu mafundi wa mjini.

Nilikubali haraka kwa sababu zangu pia. Mnajua tangu chuo kikuu nakusanya picha za vita zinazochorwa na watu ambao hawajawahi kuiona vita: vifaru kwenye milango ya vinyozi, makomandoo kwenye malori, makombora kwenye mikokoteni ya maji. Nilitaka kujua kwa nini mtu anayeuza maji anataka kombora. Na sikuelewa kitu kingine: Baba mdogo hakufa ziwani. Alifia kitandani, kwa ugonjwa. Boti ilikuwa imekosea nini?

Nyalenda: moto hautoshi

Fundi nilimpata karibu na nyumbani. Anaitwa Nafula, kwao ni Bungoma kwa Waluhya, na Nyalenda amekaa miaka mingi kiasi kwamba anatukana wachotaji maji kwa Dholuo safi. Nilimkuta juu ya ngazi ndani ya kanisa la mabati, akichora jehanamu kwenye ukuta wa nyuma.

"Usinisemeshe," alisema bila kugeuka. "Mchungaji anasema moto hautoshi."

"Hautoshi kwa nini?"

"Anasema watu wanaangalia wanacheka. Halafu mwenye ploti amekuja jana kulalamika. Ati huyu mwenye dhambi wa tatu anafanana na yeye."

Nikaangalia. Alifanana naye kabisa, mpaka kitambi.

"Ulimchora makusudi?"

"Nimechora mtu anayechomeka. Kama amejiona ndani, hiyo ni kati yake na Mungu."

Nafula ameokoka, na hilo ni lazima mlijue mapema. Havuti, hanywi, na kabla ya kufungua kopo la rangi huinamisha kichwa. Nilimweleza kazi: boti, picha ya ndege, kufuta, kupaka upya. Aliuliza rangi gani. Nikamwambia buluu, nyeupe na nyekundu, ndizo Mama mdogo alizotaja. Akauliza kwa nini hakuna fundi kule kule. Nikajibu, kwa ujasiri wa mtu asiyejua kitu, kwamba wanapenda kazi ya mjini.

Nyamasaria hadi Sondu: lori la barafu

Nyamasaria tulipata lori la kubebea samaki na barafu lililokuwa likirudi Mbita na masanduku matupu ya samaki. Dereva aliitwa Baba Steve, mtu mnene mpole aliyeamini kwamba injini huharibika kwa sababu ya maneno. Tulikatazwa kutaja neno "kuharibika" ndani ya lori.

"Na gari likiharibika, tuseme nini?" niliuliza.

Aliniangalia kwa huzuni. "Umeshasema."

Tulipita Ahero na mashamba yake ya mpunga, tukapita Katito, na tulipokuwa tunaingia Sondu gia zikakataa. Baba Steve hakunilaumu kwa mdomo. Alizima injini, akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kumtafuta makanika. Nafula alicheka mpaka akajishika mbavu.

Makanika alikuja, akalala chini ya lori, akatoka, akasema kipande kinachotakiwa kiko Kericho na kingefika kesho yake. Tukashusha mizigo yetu.

Sondu: birika

Sondu mnaijua. Upande huu Kisumu, upande ule Kericho, na soko katikati ambapo nanasi huuzwa kwa lugha tatu. Siku nyingi watu hununua na kuuza na kutaniana. Siku nyingine, za mapigano ya kikabila, na kila mtu pale anazikumbuka bila kuulizwa, maduka hufungwa mapema na watu hulala kwa jamaa zao mbali na mpaka.

Tuliketi kwenye baraza ya kibanda cha chai, tukaegemeza mfuko wa rangi ukutani. Mwenye kibanda alikuwa mama wa Kikipsigis aitwaye Mama Chebet. Alituletea chai na mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, akarudi ndani. Hatukujua kwamba kifuniko cha kopo la rangi nyekundu kilikuwa kimelegea njiani. Nafula alipouona mstari mwekundu ukitiririka kwenye ukuta karibu na mlango, alichukua kitambaa na kufuta kwa haraka. Kitambaa kikavuta mstari wa pili, ukakatiza ule wa kwanza.

Mama Chebet akatoka na sufuria mkononi. Aliuangalia ukuta. Akaiweka sufuria chini polepole sana.

"Nani amewatuma?"

Ndipo na mimi nikaiona alama. Mistari miwili myekundu iliyopishana, karibu na mlango.

"Ni rangi imemwagika, mama," Nafula alisema.

"Imemwagika ikachora?"

"Ni ya kupaka boti."

"Boti gani, hapa Sondu?"

Kwa kweli hilo la boti lilikuwa jibu baya. Watu walianza kusogea, kwanza wauza nanasi, halafu vijana wa bodaboda kutoka pande zote mbili za barabara. Mmoja akataka vitambulisho. Nilitoa changu, akalisoma jina langu la pili kwa sauti ili kila mtu asikie naitwa Ochieng', jina la Kijaluo, na wengine wakaguna. Mwingine akasema labda ni watu wa barabara, wanaweka alama za kubomoa. Mama Chebet akatikisa kichwa.

"Wa kubomoa huja na gari na kofia," alisema. "Hii naijua. Ile mara nyingine alama ilikuja asubuhi, na moto ukaja jioni."

Nilikuwa na picha za vifaru na ndege chungu nzima kwenye simu, na sasa mbele yangu ndiyo hii picha ya vita ya kwetu: mistari miwili, bila ndege, bila askari, na mtoto angeweza kuichora.

Nafula ndiye aliyesogea. Alifungua mfuko, akatoa makopo yote matatu akayapanga chini watu wayaone, akachukua brashi.

"Mama, hapa unauza nini?"

"Unaniuliza na umeshakunywa?"

"Chai. Sawa." Akapiga goti. Mstari mmoja akaugeuza mkono wa birika, wa pili akaufanya mdomo wake. Akajaza tumbo kwa nyekundu, akaweka mvuke mweupe juu. Vijana wa bodaboda walianza kumwelekeza. Mmoja alisema birika hilo limeinama litamwaga chai. Mwingine, wa upande ule mwingine, akasema kwao hata birika haliinami. Wakacheka, si sana, lakini walicheka. Yule wa vitambulisho akanirudishia changu.

Tulitaka kurudi kwenye lori tukae mbali. Mama Chebet alikataa.

"Mtakaa hapa mpaka ikauke. Nataka kila anayepita aione ikiwa birika."

Tukakaa. Alituletea chai nyingine, na mara moja moja alitoka kuigusa kwa kidole aone kama imekauka. Usiku tulilala ndani ya kibanda chake, kwenye mabenchi. Asubuhi alimwambia Nafula kwamba kikombe kingependeza kando ya birika, akapata na kikombe.

Mbita: usinyooshe kidole

Kipande cha Kericho kilifika, kikawa si chenyewe, kikarudishwa, kikaja kingine. Tulipofika Mbita baada ya Oyugis na Homa Bay, upepo ulikuwa mkali na boti za abiria zilikuwa zimefungwa. Tulikaa kwenye ukuta wa gati pamoja na kuku, magodoro, na nyanya mmoja mwenye mwavuli aliyekuwa anarudi kisiwani kutoka kliniki. Nyanya huyo alitugawia samaki wa kukaanga bila kutuuliza sisi ni nani, halafu akatuuliza sisi ni nani.

Upepo ulipoanza kutulia, nguzo ya maji ilisimama mbali ziwani. Ilitoka majini ikaenda mpaka kwenye wingu, nyembamba katikati, ikitembea. Nilishawahi kusoma habari zake, najua ni hewa inayozunguka, hakuna siri. Kwa Dholuo inaitwa nyakoi. Nilitoa simu, nikanyoosha mkono kumwonyesha Nafula, na nyanya akaushusha mkono wangu kwa mpini wa mwavuli.

"Usiinyooshee kidole."

"Kwa nini, Mama? Ni upepo tu."

"Na wewe ni nyama tu. Ukinyooshewa kidole unapenda?"

Nafula hakusikia hata neno. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Ilipokatika na kupotea, alibaki akiangalia mahali ilipokuwa. "Miaka yote nachora moto," alisema, "na hii iko hapa."

Kisiwani: mjane wa mbao

Mama mdogo alitupokea ufuoni. Alikuwa amekonda tangu mazishi. Alinishika mkono, kisha akamshika Nafula mkono kwa muda mrefu zaidi, akamuuliza kwao ni wapi. Nafula aliposema Bungoma, Mama mdogo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea dawa aliyoagiza.

Boti ilikuwa imeinamishwa kwenye majani, na ndege ilikuwa upande wa juu. Lazima niwaeleze ndege hiyo. Baba mdogo aliichora baada ya kuona vita vya mbali kwenye ukumbi wa video Mbita, na hakuwahi kuiona ndege kwa karibu. Alichokijua ni basi. Kwa hiyo ndege yake ya kivita ilikuwa na mabomu chini ya mabawa, meno mbele, na safu ya madirisha ya abiria yenye mapazia. Niliwahi kumuuliza nani anakaa kwenye madirisha. Alisema wanajeshi nao wana wake, na wake zao wanataka kuona nje.

Kapteni wa boti ni Odongo, binamu wa Baba mdogo na mkubwa wa boma lile sasa. Alitukuta tukiitazama. Nikamuuliza nilichotaka kuuliza tangu Kisumu.

"Mzee, injini mmetoa?"

"Injini imekosa nini?"

"Na wavu?"

"Wavu ni wavu."

"Kwa nini basi picha?"

Alinivumilia. "Msomi, boti mpya ikifika hapa tunaipokea namna gani?"

Hilo nalijua tangu utoto. Hupokewa kama bi harusi, kwa nyimbo na chakula, na mwenye boti huonekana kama bwana harusi.

"Basi mume akifa, yeye ni nani?"

"Mjane," nilisema.

"Na hiyo picha ni mkono wa mume wake. Bado amemshika. Mwanamume mwingine hawezi kupanda. Mpaka mtu wa nje, asiye damu yetu, atoe huo mkono na kumsafisha." Akamgeukia Nafula kwa heshima. "Ndiyo maana tumekuita wewe, dada. Asante kwa kukubali."

Nafula aliniangalia. Niliangalia ziwa. Mama mdogo alipotaka mtu asiye wa kwetu hakuwa anamsifu mtu yeyote.

"Mimi ni fundi wa rangi," Nafula alisema. "Sisafishi wajane, wa mbao wala wa nyama. Mimi nimeokoka." Akabeba mfuko wake, akaenda kukaa karibu na choo cha umma, mahali pekee penye kivuli.

Jikoni

Jioni hiyo Mama mdogo alimwita jikoni. Mimi nilikuwa nakata nyanya kwenye mlango, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa anageuza omena kwenye sufuria, hakumwangalia Nafula.

"Mwanangu, mimi pia ni wa kanisa. Sikukuita kwa uganga."

"Mama, huyu Mzee amesema kwa mdomo wake."

"Amesema ya boti. Ya kabla ya boti hajasema." Akaongeza maziwa. "Baada ya mazishi walikuja kwangu. Walisema lazima nisafishwe, nilale na mwanamume wa nje, halafu Odongo anirithi niwe mke wake. Nilikataa. Wakarudi. Nikakataa tena. Odongo mwenyewe hakutaka sana, mke wake ana mdomo, lakini hawezi kusema hataki. Tumevutana mpaka nikawaambia: kama ni lazima mjane wa boma hili asafishwe, tuko wawili. Chukueni yule wa ufuoni."

Nafula alivuta kigoda, akaketi.

"Walikaa, wakazungumza, wakakubali. Mbele ya watu, na mwalimu wa kanisa akiwepo. Boti ikitolewa mkono na mtu wa nje, ikavua giza hili, mambo ya boma yamekwisha. Isipovua, yanarudi kwangu. Ukikataa wewe, wataleta mtu wa nje mwingine, na huyo hatakuja na brashi."

Niliacha kukata nyanya. Nilikuwa nimekuja kuuliza kwa nini watu wazima wanaogopa picha. Swali lilikuwa la kijinga kuliko nilivyofikiri.

"Nikipaka, watakuacha kweli?" Nafula aliuliza.

"Walisema."

"Basi napaka. Lakini naanza na maombi yangu, kwa sauti."

"Omba. Nani amekukataza?"

Ufuoni: jina

Nafula aliomba kwa muda mrefu mno. Wavuvi waliokuwa wamekuja kutazama walivua kofia, wakazivaa, wakazivua tena. Nilichukua msasa nimsaidie, na Odongo akanizuia.

"Weka chini. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Ukiigusa, tunaanza upya."

Nikaweka chini. Mama mdogo aliniambia kama nataka kuipiga picha nifanye haraka, nikaipiga. Halafu Nafula akaanza kukwangua. Meno yalitoka kwanza, kisha mabomu, kisha mabawa. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi nzito na yalikuwa ya mwisho. Mama mdogo alisimama wakati wote, mikono nyuma. Dirisha la mwisho lilipokwisha alijifuta uso kwa leso, akarudi kusimama vile vile.

Rangi ya buluu ilipakwa, ikakauka, ikapakwa tena. Siku ya giza la mwezi ilipofika, wavuvi walianza kubishana kuhusu picha mpya. Kijana mmoja alitaka zile ndege ndogo zisizo na rubani anazoziona kwenye simu. Mwingine alitaka simba. Odongo alisema boti bila picha ni kama mtu bila nguo.

"Andika jina," Mama mdogo alimwambia Nafula.

"Jina gani?"

"Langu."

Nafula akachovya brashi kwenye nyeupe, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu. "Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Namjua tangu nizaliwe. Amenilisha, amenichapa, amenilipia karo ya muhula mmoja. Nilikuwa na Mama, na Min Akinyi, na mke wa marehemu. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

"Dorsila," alisema Mama mdogo mwenyewe, bila kuniangalia. "Dorsila Awino."

Odongo alikohoa. "Shemeji, mtu aliye hai haandikwi kwenye boti. Boti hubeba jina la aliyekwisha kwenda."

"Hii imebeba ndege miaka yote. Ulipanda hujauliza inakwenda wapi."

Vijana wakacheka. Odongo aliiangalia boti, akamwangalia Nafula aliyekuwa tayari amefika kwenye herufi ya tatu, akaangalia jua lililokuwa linashuka. Mwishowe aliwaambia vijana walete taa.

Walipakia taa na wavu, wakamsubiri Nafula amalize herufi ya mwisho, wakaambiwa wasiiguse kwa kuwa ni mbichi. Wote walisukuma kwa upande ule mwingine, boti ikaingia majini imeinama kidogo. Odongo alipanda wa kwanza. Alisita na mguu mmoja ukingoni, halafu akaingia akaketi, na wengine wakafuata.

Tulisimama watatu kuwatazama wakienda. Niliuliza, kwa sababu siwezi kukaa bila kuuliza, kama sasa mambo yamekwisha.

"Wakirudi bila omena," Mama mdogo alisema, "watasema ni kwa sababu ya jina langu."

"Na wakirudi nao?"

"Watasema ni rangi." Alijifunga leso vizuri kiunoni. "Twende tule."